Chagua Meli kwa Bandari na Saa Zake, Siyo kwa Ukubwa Wake

Wateja wengi wanaokuja kutuuliza habari za meli za kitalii huanza na picha. Wanatuonyesha kwenye simu meli yenye ghorofa ishirini, mabwawa ya kuogelea na mabomba ya kuteleza kwenye maji, kisha wanauliza bei. Sisi huomba kwanza ukurasa wa ratiba, ule wenye majina ya bandari na saa mbili pembeni yake: ya kufika na ya kuondoka. Kwa mtu anayetoka Mbeya, Njombe au Iringa, saa hizo zina uzito kuliko ghorofa zote, kwa sababu safari yake haianzii bandarini. Inaanzia stendi ya Nanenane au uwanja wa ndege wa Songwe, na katikati kuna njia ndefu ambayo kampuni ya meli haiijui wala haiwajibiki nayo.

Tuanze na ukubwa, maana ndio unaowavutia wengi. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba watalii Januari 2024, ina tani zinazozidi kidogo 248,000 na hubeba abiria zaidi ya 5,600 wakihesabiwa wawili kwa chumba. Tani hizo si uzito, ni kipimo cha ujazo wa ndani ya meli. Ukizigawa kwa abiria, kila mtu anapata kama 44. Meli ya tani 90,000 yenye abiria 2,000 inakupa 45. Ya pili ni ndogo mara mbili na zaidi, lakini nafasi ya kila abiria ni ileile. Hesabu hii fupi huwa tunaifanya mbele ya mteja, kwa sababu inamwonyesha kwamba meli kubwa humwongezea michezo na maduka, na si lazima imwongezee nafasi ya kupumua. Umri wa meli nao usikutishe. Uliza mwaka ambao meli ilikarabatiwa mara ya mwisho, huo ndio utakuambia hali ya vyumba.

Sasa turudi kwenye ratiba. Ukikuta imeandikwa "Roma, 07:00 – 19:00", usidhani utashuka Roma. Meli inafunga gati Civitavecchia, kama kilomita 70 hadi 80 kutoka mjini, umbali wa Mbeya hadi Tukuyu hivi. "Paris" kwenye ratiba za meli ni Le Havre, na kutoka pale hadi Paris ni karibu kilomita 200. Toa muda wa kwenda na kurudi. Toa pia nusu saa au saa nzima kabla ya kuondoka, ambapo abiria wote wanatakiwa wawe wamepanda. Kama meli haifungi gati na abiria wanapelekwa nchi kavu kwa boti ndogo, toa muda mwingine wa foleni. Siku nzima uliyolipia inaweza kubaki saa tano.

Na hapa kuna jambo tunalolisisitiza kwa kila mteja. Ukienda matembezi yaliyoandaliwa na meli yenyewe na basi likachelewa, kwa kawaida meli huwasubiri au kampuni inabeba gharama ya kuwafikisha bandari inayofuata. Ukienda kivyako ukachelewa, meli inaondoka na begi lako likiwa chumbani. Matembezi ya kujitegemea ni nafuu na mara nyingi yana raha zaidi, hivyo hatuyakatazi, ila tunashauri uyafanye kwenye bandari ambayo mji uko karibu na gati. Kule mbali, nenda na basi la meli.

Kwa Mtanzania kuna suala la viza pia. Meli inayoanzia Barcelona, ikapita Tunisia kisha ikarudi Italia, imekutoa kwenye eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kukuingiza tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi, lazima uombe ya kuingia mara nyingi. Ndiyo maana hatupokei malipo ya safari ya Ulaya kabla hatujakaa na mteja na ramani ya bandari zote.

Kwa sababu hiyohiyo tunawapendekezea wengi kusini kabla ya Ulaya. Kwa miaka mingi kampuni ya meli za kitalii ya MSC imekuwa ikipeleka meli Durban, Afrika Kusini, katika msimu wa joto wa huko, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu Machi, na safari nyingi fupi huelekea pwani ya Msumbiji. Mwenye pasi ya Tanzania haombi viza kwa matembezi ya Afrika Kusini, Msumbiji, Zambia wala Zimbabwe. Na sisi wa Nyanda za Juu tumekaa mlangoni: Tunduma ni kama kilomita 100 tu kutoka Mbeya mjini, na kutoka pale barabara inakwenda Lusaka, Livingstone (mji wa Zambia ulio jirani na Maporomoko ya Victoria) hadi Johannesburg.

Swali linalobaki ni nini kitangulie. Wateja hupenda kuanza na barabara, waione Zambia taratibu, wapige picha Maporomoko ya Victoria, halafu wamalizie na meli kama zawadi. Sisi tunapanga kinyume chake. Maporomoko yatakusubiri hata ukichelewa siku tatu, meli haikusubiri hata dakika kumi. Kwa hiyo nenda Durban kwa ndege, ulale pale walau usiku mmoja kabla ya kupanda, maliza safari ya baharini, kisha urudi nyumbani kwa nchi kavu kupitia Livingstone na Tunduma. Basi likiharibika njiani utapoteza siku moja ya mapumziko, hutapoteza safari nzima. Tena ukisafiri na meli za mwisho wa msimu unapita Livingstone mwezi Machi au Aprili, maji ya Zambezi yakiwa mengi, na mvuke wa maporomoko unauona kabla hujafika.

Ukitaka lazima utangulie kwa nchi kavu, tunaweka siku mbili tupu mjini kabla ya meli. Siku hizo hatuziuzi wala hatuzipunguzi, hata mteja akisema anazijua barabara.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi hata kwa Zanzibar. Boti ya mwendokasi kutoka Dar ni kama saa mbili, lakini kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Lori moja likikwama Kitonga foleni inapanda mlima mzima, na ndani ya Mikumi mwendo ni wa taratibu kwa ajili ya wanyama. Boti ya mwisho ya siku huondoka alasiri. Lala Dar. Ukipanda ndege Songwe, usichukue ya asubuhi ileile unayotarajia boti, kwani ukungu wetu mnaufahamu. Na kwa anayetapika haraka, Juni hadi Agosti ni miezi ya upepo wa kusi, bahari huchafuka. Omba kiti cha chini, katikati ya chombo.

Kwa mfuko mdogo tuna mzunguko wa Ziwa Nyasa, na huu tunaupenda kwa dhati. MV Mbeya II, iliyoingia kazini mwaka 2021, hubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Si meli ya kitalii. Unasafiri na wafanyabiashara na magunia yao. Unashuka kutoka Mbeya hadi Kyela, unapanda Itungi au Kiwira kulingana na hali ya bandari, na unapita chini ya milima ya Livingstone inayoangukia ziwani hadi Mbamba Bay. Kutoka hapo ni lami kupitia Mbinga hadi Songea, kisha Njombe na Makambako, ambapo wa Iringa na wa Mbeya mnaagana. Huku mambo ni kinyume na baharini: meli ndiyo inayoweza kuchelewa, kwa upepo au kwa kupakia mizigo, na mabasi ya Songea yapo kila siku. Basi usikate tiketi ya basi kabla meli haijafika, na usipange harusi wala kikao siku ya kurudi.

Ukija ofisini, njoo na pasi yenye uhai wa miezi sita au zaidi baada ya tarehe ya kurudi. Bei za meli kubwa huandikwa kwa mtu mmoja ndani ya chumba cha watu wawili. Anayesafiri peke yake mara nyingi hulipa karibu chumba kizima. Vinywaji vingi na intaneti havimo, na kwenye meli nyingi kubwa bakshishi ya wahudumu ni kama dola 15 hadi 20 kwa mtu kwa siku. Hizo tunaziandika kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, pamoja na nauli ya kutoka mlangoni kwako. Kwa wanaotaka Durban ya Machi, mazungumzo tunayaanza Septemba.