Waifai ya hotelini isituponze

Mhariri,

Wageni wengi hudhani nywila ya waifai iliyobandikwa chumbani ni kinga. Si kinga, maana kila mgeni anayo, na yeyote mwenye kompyuta ndogo anaweza kurusha mtandao wenye jina na nywila zile zile. Simu iliyokwisha kulikumbuka jina hilo huweza kujiunga nao bila kukuuliza. Zima kujiunga kiotomatiki, uliza mapokezi jina kamili la mtandao, na ukihama uufute mtandao huo kwenye simu.

Mtego mbaya zaidi ni ujumbe unaotokea ukishaunganishwa, ukidai programu fulani imepitwa na wakati. Mwaka 2014 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilieleza jinsi kundi la wadukuzi la DarkHotel lilivyowanasa wakubwa wa makampuni kwa masasisho bandia ya namna hiyo. Sasisha kabla ya safari.

Kivinjari kikionya kuwa cheti cha tovuti, yaani kitambulisho chake, hakiaminiki, funga ukurasa, usilazimishe kuendelea. VPN, programu inayoficha mawasiliano yako kwa kuyasimba, inasaidia, ila iwashe baada tu ya kupita ukurasa wa hoteli wa kuingilia mtandaoni, vinginevyo mara nyingi hukwama. Mambo ya benki? Tumia bando lako la simu.

Msomaji wenu