Malalamiko: mlinibadilishia rejeta, ugonjwa ulikuwa relei ya feni

Kimara, Dar es Salaam
3 Machi 2025

Ndugu Meneja wa Gereji,

YAH: MATENGENEZO YA TOYOTA COROLLA 110 ILIYOKUWA INACHEMSHA

Tarehe 14 Januari niliwaletea gari langu, Corolla 110 yenye injini ya 5A. Nilimweleza kijana wenu wa mapokezi kwamba likitembea halina shida, ila nikikwama kwenye foleni ya Ubungo mchana wa jua kali, sindano ya joto inapanda mpaka karibu na H, na foleni ikifunguka nikatembea kidogo inashuka yenyewe. Nilirudia maelezo hayo mara mbili. Kwenye karatasi ya kazi aliandika maneno mawili tu: "Gari linachemsha." Naamini hasara yangu yote ilianzia hapo.

Siku mbili baadaye nililipa shilingi 535,000: rejeta 280,000, pampu ya maji 90,000, kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) lita 5 kwa 45,000 na ufundi 120,000. Nilipoomba spea za zamani nizione, niliambiwa zimeshatupwa. Nilipouliza tatizo lilikuwa nini hasa, nikajibiwa, "Mzee, tumebadilisha mfumo mzima." Nikaridhika, kwa sababu ninyi ndio mafundi.

Mwishoni mwa Januari nilimpeleka mama yangu Iringa. Gari lilikwenda vizuri kupita Morogoro na Mikumi, hata pale Ruaha Mbuyuni ambapo joto linakupiga usoni ukifungua kioo. Tulipoanza kupanda mlima Kitonga tukawa nyuma ya malori yaliyojaa mzigo, gia ya kwanza, mara tunasimama, mara tunasogea. Sindano ikapanda. Wanaoijua Kitonga wanajua kwamba huwezi kuegesha popote: upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Nakiri niliendesha kama dakika tano sindano ikiwa kwenye nyekundu nikitafuta mahali pa kuchepuka. Nilipozima, mvuke ulikuwa umejaa kwenye boneti. Mama, mwenye miaka 71, alikaa juu ya jiwe kando ya barabara kwa zaidi ya saa nzima, khanga kichwani, malori yakimpita hatua chache tu.

Tulivutwa mpaka Ilula. Fundi wa pale hakugusa spana kabla ya kuniuliza: "Linachemsha likiwa linatembea au likiwa limesimama?" Nilipomjibu, akaenda moja kwa moja kwenye swichi ya joto ya feni, akachomoa plagi yake na kuwasha swichi ya gari. Akanieleza kwamba kwenye Corolla hii, plagi hiyo ikichomolewa feni inatakiwa kuzunguka papo hapo. Haikuzunguka. Akachomeka relei nyingine, yaani kile kifaa kidogo kinachowasha na kuzima umeme wa feni, feni ikaanza kuvuma. Relei ya zamani aliifungua mbele yangu: vidole vyake vya kupitishia umeme vilikuwa vimeungua, vyeusi kama masizi ya jiko la mkaa. Nyingine aliniuzia kwa shilingi 15,000.

Gari likitembea, upepo unapoza rejeta. Likisimama au likijikongoja, kazi hiyo inabaki kwa feni. Rejeta iliyoziba ingenisumbua hata nikiwa kwenye mwendo mkali. Maelezo niliyoyatoa mapokezi yalikuwa yanaielekeza feni, na kuipima kusingewachukua hata dakika kumi.

Kuna jambo lililoniuma kuliko hilo. Fundi alipofungua njia ya maji alikuta themostati, ile vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto, haimo. Mliitoa bila kuniambia, na haipo kwenye stakabadhi. Najua mafundi wengi wanaamini kuitoa kunapoza injini. Kwenye injini hii themostati ndiyo pia inayofunga njia ya mkato ya maji injini ikipata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo nilipanda Kitonga bila feni, na hata rejeta mpya mliyoniuzia ilikuwa haipati maji yote. Hiyo kulanti ya 45,000 nayo hatukuiona: kilichotoka kilikuwa maji matupu yenye rangi ya kutu.

Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku, iliungua. Oili kwenye kijiti cha kupimia ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa kwa kuchanganyika na maji. Fundi alipolaza rula ya chuma juu ya hedi, niliona kwa macho yangu mwanga ukipenya katikati, yaani hedi ilikuwa imepinda. Kuchonga hedi, gasketi, oili, themostati mpya na ufundi, nililipa shilingi 420,000 Iringa, na nikakaa siku sita kusubiri.

Naomba mnirudishie shilingi 415,000, yaani bei ya rejeta, pampu na kulanti, vitu ambavyo hamjanionyesha kwamba vilihitajika au vilitiwa. Rejeta na pampu mnaweza kuja kuvichukua mkitaka. Naomba pia mnilipe zile 420,000 za hedi. Dakika tano nilizoendesha likiwa limechemka niko tayari tuzizungumze, lakini themostati sikuitoa mimi. Na naomba mniandikie ni nani aliyeamua itolewe.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Yasipokuja, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji.

Naambatanisha nakala za stakabadhi zenu na za Iringa, pamoja na picha za hedi. Relei iliyoungua nimeihifadhi kwenye bahasha. Mkiniita nitakuja nayo, na fundi wenu aliyeshika gari langu awepo.

Mteja wenu,
mwenye Corolla nyeupe ya tarehe 14 Januari