Taa ya zambarau, miche ya nyanya na balozi wangu

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, maana juzi mlitoa makala ya kilimo cha mjini, ile ya kuotesha mboga ndani kwa taa, mkasema anayetaka miche bora anunue taa ya zambarau kwasababu ndio rangi ambayo mimea inaipenda. Nimeisomea kwa kinyozi nikacheka peke yangu mpaka kinyozi akazima mashine akaniuliza kuna nini. Sio kwamba mmeongopa, ila mmeeleza nusu, na hiyo nusu iliyobaki ndio ilinila mimi shilingi 85,000.

Nakaa hapa Mwanza, Mabatini, kule juu kwenye mawe, chumba na sebule ya kupanga. Anayeijua Mabatini anajua uwanja hatuna, tuna mawe, na katikati ya jiwe na jiwe kuna kuku wa jirani. Mara mbili nimesia nyanya nje kwenye trei, mbegu ya Tengeru 97, na mara mbili kuku wamepita nazo zikiwa na majani mawili. Ndio nikahamia ndani. Sasa dirisha la sebule yangu linatazamana na jiwe kubwa kama fuso, jua linaingia saa nne linatoka saa tano, basi. Miche ikaota vizuri tu, alafu ikaanza kurefuka kuelekea dirishani, myembamba, imepauka, shingo imepinda kama mtu anayechungulia harusi ya watu, ikafika urefu wa kidole ikalala chini yote.

Nikaingia kwenye simu kutafuta dawa yake. Kila nikigusa ni taa ya zambarau, taa ya zambarau. Nikashuka mjini kwenye duka moja la vifaa vya umeme, kijana akanitolea moja imeandikwa wati 1000 kwenye boksi, akaniambia kaka hii ndio yenyewe, Wazungu wanatumia hii. Nikalipa. Kufika nyumbani nikamwita fundi umeme jirani yangu anisaidie kuitundika, yeye ana kimita kake kadogo ka kuchomeka kwenye soketi, kakasoma wati 48. Nikamuuliza zile 952 ziko wapi. Akasema ziko kwenye boksi.

Na bado. Mabatini ni mlima, ukiwasha taa dirishani wanaiona mpaka wa upande wa pili, na hii haikuwa taa ya kawaida, sebule nzima ilikuwa zambarau kama baa. Siku ya tatu nikagongewa hodi, balozi wetu wa nyumba kumi na wazee wawili, wamekaa kwenye kochi wanaangalia chini. Balozi akaanza mbali, akasifia mvua, akauliza kazi, mwisho akasema kijana tumesikia humu ndani unalima ile kitu. Nikawafungulia pazia wakaona trei mbili za nyanya. Mzee mmoja aliinama akakata jani akalinusa, akamwonyesha balozi, balozi naye akanusa. Bibi wa nyumba ya chini alikuwa amesimama mlangoni, akasema ng'wanawane, yaani mwanangu, kama ni nyanya mbona umeziwashia taa ya disko?

Nilikasirika siku ile, ila nilipokuja kusoma vizuri nikaona balozi hakuwa amepotea sana. Maelekezo mengi ya taa za ndani yaliyojaa mitandaoni yameandikwa na wakulima wa bangi wa Marekani na Kanada, na Kanada waliihalalisha mwaka 2018 kwahiyo wanaandika wazi kabisa bila kujificha. Huku kwetu sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 haina utani, ukikutwa nayo umekwisha, kwahiyo siandiki hapa ili mtu apate wazo. Ninachosema ni kwamba tunakopi maelekezo ya mmea mwingine tunayapeleka kwenye nyanya. Wale wanasema mmea ukiwa mdogo weka mwanga wenye bluu nyingi masaa 18, ukitaka maua geuza kwenye mwanga mwekundu na upunguze mpaka masaa 12. Kwa bangi hiyo inaleta maana, kwasababu ule mmea unahesabu usiku, usiku ukirefuka ndio unajua wakati wa maua umefika. Nyanya haihesabu hivyo. Nyanya ikikomaa inatoa maua yake tu, usiku uwe mrefu au mfupi. Na hapa kwetu karibu na ikweta siku ndefu na siku fupi ya mwaka hazipishani hata dakika ishirini, sasa nyanya ya Mwanza ingekuwa inasubiri usiku urefuke tungekula lini?

Tuje kwenye rangi yenyewe maana hapo ndio pananoga. Kaka yangu anavua dagaa Igombe. Zamani walikuwa wanatumia karabai, sasa hivi wengi wana taa za led na betri, lakini kazi ni ile ile, usiku wa giza unawasha taa juu ya maji, dagaa wanakuja kwenye mwanga, unainua wavu. Mbalamwezi ikiwaka wanalala nyumbani. Sasa kuna Mjerumani mmoja anaitwa Engelmann, miaka ya 1880 huko, alifanya uvuvi kama huo huo ila chini ya hadubini. Alichukua uzi wa mwani, akaupitishia mwanga uliogawanywa rangi kama upinde wa mvua, kipande kimoja kinapata nyekundu, kingine kijani, kingine bluu, alafu akaachia bakteria wanaofuata hewa ya oksijeni. Bakteria wakajazana kwenye nyekundu na kwenye bluu, kwenye kijani wakawa wachache. Maana yake ni kwamba mwani ulikuwa unatengeneza oksijeni nyingi pale penye nyekundu na bluu. Hiyo ndio habari ya zambarau, changanya taa nyekundu na ya bluu jicho linaona zambarau. Baadaye NASA, wale wa anga wa Marekani, nao walipokuwa wanajaribu kuotesha mimea kwa ajili ya vyombo vya anga wakatumia led nyekundu na bluu, maana zilikuwa zinatoa mwanga unaotakiwa bila kula umeme mwingi, na wafanyabiashara wakadakia hapo hapo.

Ila wachache sio sifuri. Kijani nayo inafanya kazi. Watu wanasema jani ni la kijani basi linaitupa kijani yote, sio kweli, linarudisha kidogo tu, nyingine inazama ndani ya jani na kufika kule ambako nyekundu na bluu zimeshaishia juu. Alafu taa nyeupe ya led ukiipasua ndani ni kidude cha bluu kimepakwa unga wa njano, ule unga unageuza sehemu ya bluu kuwa kijani, njano na nyekundu. Kwahiyo tyubulaiti yako nyeupe ya sebuleni ina bluu, ina kijani, ina nyekundu, vyote. Kwenye boksi kuna namba yenye K, inasema weupe wa mwanga. Zile zilizoandikwa 6500K zina bluu zaidi, na bluu ndio inafanya mche ubaki mfupi na shina nene. Zile za njano njano za 2700K zina nyekundu zaidi. Kwa miche mimi nachukua 6500, nikikosa nachukua 4000, silali na njaa kwa ajili ya hiyo.

Kuna rangi nyingine hatuioni vizuri kwa macho, iko mbele kidogo ya nyekundu, na hii inaeleza kitu ambacho kila mkulima amekiona. Otesha miche chini ya mwembe uone, itarefuka kama ile yangu hata kama pale chini sio giza. Majani ya mwembe yanakula nyekundu yote yanaacha hii ya mbele ipite, mche ukiikuta hiyo nyingi unajua kuna mtu mkubwa juu yangu, unatupa nguvu zote kwenye shina ili utoroke. Kwahiyo ukimwona mtu ameweka kitalu chini ya mti eti anakikinga na jua, mwambie atumie neti au nyasi kavu, jani bichi linampa mche taarifa ya uongo.

Sasa kwanini naiponda zambarau wakati inafanya kazi? Miche iliyokuwa chini yake kusema ukweli haikurefuka, ilikaa mifupi vizuri. Tatizo ni macho yangu. Chini ya ile taa jani la kijani linaonekana jeusi, kwasababu hakuna kijani ya kurudi kwenye jicho. Kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha miche, kiliingia kwenye trei moja sikujua. Mche ukipata kinyausi pale shina linapogusa udongo panakuwa kahawia na panabana kama umefungwa uzi, kwenye mwanga wa kawaida unapaona kwa mbali, kwenye zambarau kila kitu ni cheusi tu. Asubuhi nimetoa trei mlangoni nikakuta miche ishirini na kitu imelala, na mingine nikiigusa inadondoka. Nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni, udongo umelowa kama uji, ningeona mapema ningeacha maji.

Nikazima ile taa. Nikanunua tyubulaiti mbili za led, wati 18 kila moja, nyeupe, fundi akazifunga kwenye ubao tukautundika kwa kamba juu ya meza, na kamba tukaiacha ndefu ili ubao tuweze kuuinua miche ikikua. Nimeziweka juu ya miche shubiri moja kasoro. Hapa ndio watu wengi wanafeli, wananunua taa nzuri alafu wanaiacha darini. Kaka yangu aliniambia bila kusoma popote, taa ukiitundika juu sana ya mtumbwi mwanga unamwagika hovyo, maji hayapati kitu. Globu moja ukiiweka mbali mara mbili, mwanga unaofika chini unabaki robo, sio nusu. Naziwasha saa 12 asubuhi nazima saa 2 usiku, masaa 14. Msiwashe usiku kucha mkidhani mnaiwahisha, nyanya ikikosa giza kabisa majani yanageuka njano.

Umeme mtauliza. Wati 36 mara masaa 14 ni nusu uniti kwa siku, uniti 15 kwa mwezi, kwa sisi tunaolipa LUKU 350 na ushee kwa uniti inakuja kama shilingi 5,400. Miche inakaa pale wiki nne hivi, ya mwisho naitoa nje kidogo kidogo, leo saa moja kesho masaa mawili, na mimi nimekaa pembeni na fimbo ya kuku. Awamu iliyopita niliuza trei tatu pale Igoma, shina nene kama kijiti cha mshikaki.

Ombi langu Mhariri, mkiandika tena andikeni mnunuzi aulize wati zinazoingia ukutani, asisome zile za kwenye boksi, na aende dukani na fundi mwenye kimita. Na mseme kwamba mwenye uwanja wa jua hahitaji taa ya rangi yoyote, anahitaji neti ya kuku.

Ile ya zambarau bado ninayo. Kaka aliiomba akajaribie dagaa, nikamwambia hii ni ya umeme wa ukutani, kwenye mtumbwi utaichomeka wapi.

Msomaji wako, Mabatini, Mwanza