Mtu wa Bara Aimbaye Bahari

Indianapolis, Marekani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa afya, na natumai barua hii itakukuta wewe, Mama na wote wa hapo Likoni, Mombasa, mkiwa salama. Ndani ya bahasha utaona flashi ndogo nyeusi. Tafadhali usimwachie mtu akaifuta kabla hujaisikiliza, kwa kuwa ina albamu moja tu, na barua hii yote ni ya kukuomba uisikilize.

Mwimbaji anaitwa Josh Garrels, na albamu yenyewe ni Love & War & The Sea In Between, yaani upendo, vita, na bahari iliyo katikati yake. Najua utaguna. Wewe uliyeimba besi kwayani tangu sijazaliwa unapenda wimbo wenye sauti nne, kila moja ikisikika mahali pake, na huyu ni Mzungu mmoja na gitaa lake. Hata mimi, mwenzangu wa kazini aliponisikilizisha mara ya kwanza, niliizima mapema nikidhani ni muziki wa kumlaza mtoto. Kilichonirudisha ni bahari. Mtu huyu anatoka South Bend, huku huku Indiana, jimbo lisilopakana na bahari upande wowote. Kwa lugha ya kwetu ni mtu wa bara kabisa, lakini anaimba mawimbi na mabaharia kama aliyekulia hapo jirani Mtongwe, ufukweni.

Umo wimbo uitwao Ulysses, jina la yule mfalme wa hadithi za Kiyunani aliyetangatanga miaka 10 akitafuta njia ya kurudi kwa mkewe. Nilikuwa nikiusikiliza usiku mmoja wa Januari, nimesimama kituoni nikisubiri basi, theluji ikinifika vifundoni, na nilichokiona mbele yangu ni feri: lile lango la chuma likishushwa, watu wakianza kusukumana kabla halijagusa ardhi, nawe umesimama pembeni, mkono mmoja kwenye reli na mwingine umeshikilia kofia isichukuliwe na upepo. Basi likapita, nami sikulipungia mkono.

Wimbo ninaotaka uanze nao, hata hivyo, ni Farther Along. Kiitikio chake hakukitunga Garrels mwenyewe. Amekitoa katika wimbo wa zamani wa injili, uliokuwa ukiimbwa makanisani Marekani tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, kisha akatunga beti zake mwenyewe. Wimbo ule wa zamani unauliza lile swali la Zaburi ya 73, kwa nini waovu wanastawi huku wengine wakiteseka, na jibu lake ni kwamba huko mbele ya safari tutaelewa. Halisemi zaidi ya hapo. Nakumbuka, Baba, siku tuliyomzika Babu ulivyokataa kuongoza wimbo, ukasema nyimbo zote mlizokuwa nazo zilikuwa na haraka ya kufurahi. Wakati ule nilikuona mkaidi. Nilipousikia wimbo huu nilielewa ulichokuwa ukikitafuta, na ndiyo maana nimegharamika kukutumia flashi badala ya kusubiri nije likizo.

Sitakuficha kasoro zake. Nyimbo ni 18, zinachukua zaidi ya saa moja, na kwa maoni yangu chache zingeachwa bila hasara. Mahali pengine anaghani maneno kwa kasi kama vijana wa mtaani. Wimbo wa The Resistance ni wa namna hiyo, na Mama akiusikia atauliza kama huyo kweli ameokoka. Mwambie avumilie. Sauti hiyo hiyo baadaye hushuka karibu na besi yako, halafu ikapanda ghafla, nyembamba kama ya mvulana.

Mdogo wangu naye asikilize, kwa sababu aliniandikia kwamba hawezi kurekodi mpaka apate mfadhili. Garrels hakuwa na kampuni kubwa ya muziki nyuma yake. Albamu hii ilipotoka mwaka 2011 aliigawa bure kwenye intaneti kwa mwaka mzima, na jarida la Christianity Today likaitaja kuwa albamu bora ya mwaka huo. Simwambii naye agawe bure, kwani studio ya hapo mjini haitamrekodi kwa sala; namwambia tu aanze na gitaa alilo nalo.

Mdogo wangu atakutafsiria maneno, ila mara ya kwanza mwache anyamaze, usikilize mwenyewe. Chagua jioni ambayo majirani hawajafungulia spika zao. Kisha uniandikie, hata kama hukuipenda, uniambie katika kile kiitikio besi ungeiingiza wapi.

Ni mimi mwanao.