YAH: KULETEWA VITABU NISIVYOAGIZA NA KUDHALILISHWA MBELE YA MWANAFUNZI WANGU

Kwa Meneja,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Niliagiza na kulipia Album für die Jugend ("Albamu ya Vijana"), kitabu cha piano cha mtunzi Mjerumani Robert Schumann, Opus 68 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), nakala za darasa zima. Risiti yenu inasema hivyo hivyo. Mkaniletea kitabu chake kingine, Kinderszenen ("Matukio ya Utotoni"), Opus 15. Utaratibu wenu wa kubadilisha bidhaa mnaujua, sina haja ya kuwafundisha.

Nilipovirudisha, mhudumu wenu wa kaunta alivisukuma kuja upande wangu na kusema duka zima likisikia: "Mwalimu, vyote hivi ni vya watoto. Kama wanafunzi wako hawaviwezi, jiulize unafundishaje." Mwanafunzi wangu alikuwa kando yangu, pamoja na mama yake anayenilipa ada.

Vya watoto! Opus 15, ya mwaka 1838, ni vipande 13 vya mtu mzima anayekumbuka utoto. Katika "Träumerei" vidole vinatanuka kupita kiganja cha mtoto, na "Fast zu ernst" ina shapu tano, yaani alama za kupandisha nota. Opus 68 ndiyo aliyowatungia watoto, mwaka 1848, akianza na vipande vya kumzawadia binti yake Marie alipotimiza miaka saba. "Melodie", kipande cha kwanza, hakianzi na shapu wala flati, yaani alama ya kushusha nota. Kwenye "Fröhlicher Landmann" wimbo uko mkono wa kushoto, na mtoto aliyezoea kuudharau mkono huo anagundua kwamba nao unaimba. Hapo ndipo anapoacha kubonyeza nota na kuanza kupiga muziki. Ndicho nilichokilipia.

Na kabla ya siku hiyo nilishapiga simu, nikaambiwa nisubiri stoo ikaguliwe. Hakuna aliyenirudia.

Nairudia ya kaunta kwa sababu naona hamjaielewa. Hakufungua hata ukurasa mmoja. Nilimwonyesha namba ya opus kwenye jalada, nikamwonyesha na risiti. Akavisukuma kwa vidole viwili, akaniambia nijiulize nafundishaje. Mtoto akaniuliza palepale, "Mwalimu, kwani mimi siwezi?" Mtoto ambaye hata kosa lenyewe halijui!

Mwanzoni nilitaka mnibadilishie tu. Sasa nataka vitabu sahihi na fedha zangu zote, maana muhula umekwisha anza na wanafunzi wanasoma kwa nakala nilizoandika kwa mkono. Nataka pia barua ya kuomba radhi, iliyosainiwa na wewe Meneja, ikielekezwa kwa mama wa mwanafunzi na kwangu. Na mhudumu huyo aombe radhi mwenyewe, mbele ya mtoto.

Nawapa siku saba. Zikipita, barua hii na risiti vitafika Tume ya Ushindani, na kila mwalimu wa piano na wa kwaya ninayemfahamu atapata nakala. Nijibuni kwa maandishi. Ahadi za simu sizipokei tena.

Wenu,
Mwalimu wa piano