Kwa wazazi vijana mnaotaka kuwafundisha watoto nyumbani

Wanangu,

Nasikia mnashauriana kuwatoa watoto shuleni, na baadhi yenu mmekwisha kuagiza vitabu. Sababu zenu nazijua: darasa limefurika, ada haishi kupanda, viboko vilipigwa marufuku hapa Kenya tangu 2001 na bado vinachapa. Nimefundisha shule za msingi hadi nikastaafu, kwa hiyo sitawaambia kwamba mnasingizia. Ninachowaomba ni hiki: kabla kitabu chochote hakijafunguliwa, kaeni baba na mama mkubaliane mnaamini nini juu ya mtoto. Waliowatangulia katika njia hii hawakuamini kitu kimoja.

Kumlazimisha kila mtoto aende shule si desturi ya kale. Kule Marekani jimbo la kwanza kuweka sheria hiyo lilikuwa Massachusetts, mwaka 1852, nayo ilidai wiki 12 tu kwa mwaka kwa watoto wa miaka 8 hadi 14. La mwisho lilikuwa Mississippi, mwaka 1918. Ukishaipata sheria, ndipo unapowapata wanaoipinga.

Mwingereza Charlotte Mason aliandika kuhusu elimu ya nyumbani mwaka 1886, akishikilia kwamba mtoto huzaliwa akiwa mtu kamili mwenye akili yake. Alitaka vipindi vifupi, vitabu vilivyoandikwa na watu wanaolipenda somo lao, na saa nyingi nje kwenye miti na ndege. Mtoto akishasoma au kusomewa mara moja tu, asimulie alichoelewa kwa maneno yake. Mimi njia hiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu inamhitaji mtu mzima aliye tayari kukaa na kusikiliza.

John Holt alikuwa mwalimu wa shule Marekani. Akawa anawatazama watoto werevu wakibahatisha majibu ili wamridhishe mwalimu, kwa woga, na mwaka 1964 akayachapisha aliyoyaona. Mwanzoni alitaka shule zijirekebishe. Alipokata tamaa, mwaka 1977, alianzisha jarida mjini Boston la kuwasaidia wazazi wanaolea watoto bila shule. Kwake mtoto hana haja ya kusukumwa. Mpe nafasi, mjibu anapouliza, mwache afanye kazi za kweli pamoja na watu wazima. Ratiba na mitihani hakuvitaka.

Kisha kuna Raymond na Dorothy Moore, mume na mke wa Marekani, Waadventista Wasabato, ambao mwaka 1975 walishauri masomo rasmi yacheleweshwe hadi miaka 8 na hata 12, mtoto akue kwanza kwa kazi za mikono na kuhudumia wengine. Familia nyingi za Kikristo ziliwafuata, zikabishana na serikali mahakamani na bungeni, na kufikia 1993 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa yameruhusu elimu ya nyumbani.

Sasa tazameni mnachokifanya. Wengi wenu mnanunua vijitabu vya ACE (Accelerated Christian Education), mfumo wa masomo wa Kikristo ulioanzia Texas, Marekani, mwaka 1970, ambavyo mtoto huvijaza peke yake na kujisahihisha kwa kitabu cha majibu. Mzazi akisema anamfuata Holt, kisha akamkalisha mtoto mezani kutoka saa mbili hadi saa nane akijaza vijitabu, ameihamisha shule tu, na wenzake mtoto amewaacha kule.

Wengine humtaja Mwalimu Nyerere. Ni kweli, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967 aliandika kwamba kabla ya wakoloni watoto wetu walijifunza kwa kuishi na kutenda, na kila mtu mzima alikuwa mwalimu kwa kiasi chake. Lakini hakusema shule zifungwe. Alitaka ziwe na mashamba na zimtumikie mwanakijiji. Tena mtoto yule alikuwa na kijiji kizima. Wa kwenu, kwenye fleti ya ghorofa ya nne, ana nani?

Swali hilo ndilo Ujerumani hulitumia kukataza kabisa elimu ya nyumbani: kwamba watoto wa imani na jamii mbalimbali wazoeane. Mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya haikuona kosa katika msimamo huo. Sikubaliani na kukataza, ila hoja yenyewe haipuuziki. Tafuteni familia nyingine mapema, na si za dini yenu pekee.

Kuhusu sheria ya hapa, msidanganywe na anayesema hakuna anayefuatilia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi iliyoidhinishwa, na wapo wazazi waliokwisha kushtakiwa. Muoneni wakili, na muulize mapema mtoto atasajiliwa wapi kwa mitihani ya kitaifa.

La mwisho nawaambia akina baba. Katika nyumba nilizoziona, uamuzi hutolewa na wawili, halafu mama ndiye anayeacha kazi, anayefundisha, anayepika na anayelaumiwa mtoto asipojua kugawanya. Chagueni somo lenu, hata moja, na siku zake zijulikane. Baba asiyeweza kutoa jioni mbili kwa wiki amwache mtoto shuleni kwa sasa, aende akakae na mwalimu wake wazungumze.

Ni mimi mama yenu,
mwalimu mstaafu, Mombasa