YAH: MALALAMIKO KUHUSU LORI LA GMC CCKW LENYE NAMBA ZISIZOLINGANA

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya kuuza magari yaliyostaafishwa jeshini.

Ndugu Meneja,

Rejea somo tajwa hapo juu. Mimi ndiye niliyenunua kwenu lori la GMC CCKW, lori la jeshi la Marekani la Vita Kuu ya Pili, la tani mbili na nusu, lenye ekseli tatu zote zinazovuta, kwa nia ya kulikarabati lirudi lilivyokuwa lilipotoka kiwandani. Nimekwishapiga simu ofisini kwenu na jibu ni lilelile: lori liliuzwa "kama lilivyo". Sasa naandika, ili nami nijibiwe kwa maandishi.

Kwanza niyataje nisiyoyalalamikia, msije mkanijibu kwa hayo. Sakafu ya kabini imeliwa na kutu, matairi yamepasuka pembeni, mbao za bodi zimeoza, kabureta imeganda na masta silinda ya breki imekauka. Yote hayo niliyategemea. Gari la muundo huu lilitengenezwa kati ya 1941 na 1945, na anayeogopa kutu hana sababu ya kulinunua. Hata ningeikuta injini imekwama nisingenung'unika; ile GMC 270 ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, fundi mwenye subira huifufua.

Ninacholalamikia ni namba.

Hati ya mauzo imebeba namba iliyo kwenye bamba la dashibodi, lile linaloonyesha namba ya lori na tarehe lilipokabidhiwa jeshini. Lori lilipofika, cha kwanza kunitia shaka zilikuwa skrubu za bamba hilo. Zinang'aa utadhani zimefungwa jana, ilhali rangi inayozizunguka imepauka na kumenyeka. Nilipolifungua nikakuta nyuma yake matundu mengine ya zamani, hayalingani na ya bamba hili, na yamezibwa kwa rangi ya kijani. Nikashuka kwenye chesisi. Nilikwangua grisi na rangi kwa brashi ya waya, nikapangusa kwa petroli, kisha nikapitisha chaki juu ya chuma. Tarakimu zikajitokeza, nyeupe, zinasomeka bila miwani. Katika nne za mwisho, hakuna hata moja inayolingana na ya kwenye bamba. Picha nimeambatanisha, pamoja na ile ya matundu.

Ofisa wenu aliniambia malori haya yalifumuliwa na kuundwa upya kwenye karakana za jeshi baada ya vita, kabini ya hili ikavikwa lile, kwa hiyo bamba huweza kuhama. Ni kweli, na nalijua hilo kabla yake. Ndiyo sababu namba ya chesisi ina uzito: yalitengenezwa zaidi ya laki tano, yakabadilishana injini, kabini na ekseli kwa miongo, na kilichobaki kutambulisha lori ni kile kilichogongwa kwenye chuma chenyewe. Kama mlijua bamba limehama, mlipaswa kusema. Kama hamkujua, mliandika hati bila kuangalia chesisi. Vyovyote iwavyo, nimeshika karatasi za gari nisilokuwa nalo, na nina gari nisilokuwa na karatasi zake. Mkaguzi wa usajili atakayelinganisha hivyo viwili hatasikiliza historia ya karakana za jeshi.

Na bei mliipandisha kwa bamba hilohilo. Tangazo lenu lilidai lori "lilishiriki Red Ball Express", ushahidi wenu ukiwa tarehe iliyochapwa pale. Msafara ule wa malori ya jeshi la Marekani nchini Ufaransa ulianza tarehe 25 Agosti 1944 ukaisha tarehe 16 Novemba mwaka huohuo, ukipeleka mafuta, risasi na chakula kutoka Normandy kwa majeshi yaliyokuwa yakisonga mbele, na madereva wake wengi walikuwa Wamarekani weusi. Tarehe ya makabidhiano haisemi lori lilipelekwa nchi gani, sembuse lilipita barabara ipi. Hata namba zingelingana, dai hilo lisingesimama. Kwa maoni yangu si haki kuyafanya jasho la watu wale kuwa nakshi ya tangazo, kisha mnunuzi akalipishwa nakshi hiyo.

Kuna suala la ekseli pia. Tangazo lilisema ni za aina ya banjo, nami kwa kuwaamini nikaongeza fedha kwa kreti ya spea mliyonishauri: hafu shafti, beringi na gasketi, zote za banjo. Lori lina ekseli za Timken, zile ambazo kasha la difu, yaani la gia za ndani ya ekseli, limegawanyika katikati na kufungwa kwa duara la bolti. Banjo haina mgawanyiko huo. Tofauti hii haihitaji kipimo wala kitabu. Mtu akilala chini ya lori ataiona kabla hajakaa sawa. Spea zake haziingiliani. Kreti iko kwangu, haijaguswa, na sina kazi nayo.

Mwisho ni umeme, na hapa mmeharibu kitu kilichokuwa kizima. Mfumo wa lori hili ni wa volti 6. Kwenye video mliyonitumia kunithibitishia kuwa injini inawaka, betri iliyounganishwa ni ya volti 12. Lebo yake inaonekana wazi ukisimamisha picha. Injini iliwaka, sawa. Lakini geji za umeme zimeungua, taa hazina balbu hata moja nzima, na nyuma ya dashibodi waya umeyeyuka gamba hadi shaba iko wazi. "Kama lilivyo" haiwezi kufunika uharibifu mlioufanya wenyewe katika kuliuza.

Ninachotaka ni hiki. Ama mpate kwa aliyewauzia hati ya chesisi hii, mrekebishe karatasi kwa gharama zenu, mrudishe fedha za kreti na za matengenezo ya umeme, na mpunguze bei kwa kiasi mlichokiongeza kwa ajili ya ile historia. Ama mlichukue lori lenu na kunirudishia fedha zote, pamoja na za usafirishaji. Naliona la kwanza ni bora kwa pande zote mbili, maana lori lenyewe bado nalipenda. Ila bila hati sahihi sitafungua bolti hata moja. Nimesimamisha kazi na kulifunika turubai ili lisiguswe mpaka mtume mtu wa kulikagua.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nitayafikisha malalamiko haya, picha na video yenu, kwenye mamlaka ya kutetea walaji na kwa idara inayosajili magari.

Wenu,
Mnunuzi

Viambatanisho: nakala ya hati ya mauzo, nakala ya tangazo, picha za bamba, matundu, chesisi na ekseli, na video ya betri.